Hii topiki ya molekuli kubwa za mwili usiikariri, ingia nayo jikoni

Mdogo wangu yuko fomu faivu, PCB (fizikia, kemia, bayolojia) ya kutwa, juzi usiku kanitumia voisi analia "kaka hii wanga, protini, mafuta sijui asidi nukleiki haiingii kabisa". Nikacheka, maana na mimi ilinitoa jasho. Enzi zangu nilimeza daftari zima, halafu testi ikaja na swali: kwa nini mafuta ya nazi huganda na ya alizeti hayagandi? Nikajaza ukurasa wa pumba, nikala yai.

Na jibu lilikuwa home siku zote! Nilikuwa nakaa kwa shangazi Temeke, chupa yake ya mafuta ya nazi iko dirishani, asubuhi za mwezi wa saba unaikuta nyeupe pee kama mshumaa, anaitoa juani, saa nne imeshakuwa maji. Mafuta ya nazi yanaanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi, na Julai hata Dar alfajiri inashuka chini ya hapo. Minyororo yake mingi ya kaboni imenyooka, inalaliana vizuri kama mzigo wa kuni zilizonyooka. Ya alizeti ya Singida mingi imepinda, pale kaboni mbili ziliposhikana kwa bondi mbili, na kuni zilizopinda we mwenyewe unajua hazifungiki mzigo. Ndo maana yanabaki maji.

Kwahiyo ukikutana na jina gumu, kabla hujalimeza tafuta kwanza kitu cha kushika.

Chukua tonge la ugali utafune taratibu bila kumeza, dakika moja mbili hivi, utasikia utamu kwa mbali. Mate yana kimeng'enya kinaitwa amilasi, kinakatakata wanga kuwa sukari ndogo ndogo. Wanga wenyewe ni glukosi zimeungwa kama mabehewa ya SGR, ila kila zinapoungana mbili inatoka molekuli moja ya maji, na ukitaka kuzitenganisha sharti uirudishe. Sasa hapa ndo patamu: zile kapi za muwa unazotema barabarani, ile selulosi, nayo ni glukosi hiyohiyo! Kilichobadilika ni namna zilivyoshikanishwa tu, basi amilasi yetu inagonga mwamba, ng'ombe anamudu kwa sababu ana vijidudu tumboni vinavyomsaidia. Siku nimeelewa hili nilikuwa nimesimama kwenye mkokoteni wa miwa, muuzaji ananidai chenji na mi nimeduwaa.

Protini, kaanga yai. Ute ni protini, minyororo ya amino asidi (ziko aina 20) iliyojikunja kwa umbo maalum, moto ukipanda mikunjo inafumuka, minyororo inanasana, ute unakuwa mweupe na haurudi tena. Wengi wanaandika moto umekata mnyororo. Haujakata bwana, umevuruga mkunjo, na hapo ndo watu wanapoteza maksi za bure.

DNA, ile asidi nukleiki inayobeba maagizo ya kuunda protini kwa mpangilio wa herufi zake za kikemia, sikuielewa jikoni lakini. Niliielewa kwa binamu yangu mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), tumelala chumba kimoja miaka, kuna usiku miguu inamuuma mpaka anang'ata shuka. Kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kuna mnyororo wa beta wenye amino asidi 146, ya 6 ilitakiwa iwe asidi ya glutamiki, yake ni valini, kisa herufi moja tu ya DNA imebadilika. Hizo himoglobini zikikosa oksijeni zinagandana kuwa nyuzi ndefu, chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo. Baada ya hapo hakuna mwalimu aliyehitaji kunieleza tena kwa nini mpangilio wa herufi ni ishu.

Dogo kanijibu jana: "kaka ugali kweli umekuwa mtamu, ila mama kanifokea eti nachezea chakula".