Swali la Lugha: Protini "Inatembea" au "Anatembea"?

Mwalimu mmoja wa Biolojia hapa Nairobi, ambaye pia ndiye mlezi wa jarida la chama cha sayansi shuleni kwake, ameniletea sentensi ya mwanafunzi wake: "Kinesini ni protini ya moto ambaye anatembea kwenye kiini cha seli akitumia nguvu kubwa." Mwalimu alisahihisha "anatembea" ikawa "inatembea", naye mwanafunzi akamjibu kwamba kitu chenye miguu miwili, kinachopiga hatua na kubeba mzigo kama hamali wa Marikiti, hakistahili kupewa kiambishi cha meza na kabati. Mwalimu anauliza ni nani aliye sahihi, na kama sentensi hiyo ina kasoro nyingine.

Mwalimu, usahihisho wako ni sawa, lakini hoja ya mwanafunzi si ya kupuuzwa, kwa sababu tukimjibu kwamba protini haina uhai tutakuwa tumempa jibu lisilotosha. Uhai peke yake haujawahi kuwa kipimo cha ngeli ya A-WA. Mwembe una uhai, nao huota, hukua na kuzaa, lakini twasema "mwembe umekauka". Seli nayo ni hai bila shaka yoyote, na hakuna asemaye "seli amegawanyika". Kwa upande mwingine, jini, malaika na shetani, ambao hakuna maabara iliyowahi kuwapima damu, wote huchukua A-WA bila ubishi. Kinachoangaliwa na Kiswahili ni kama mtajwa anahesabiwa miongoni mwa watu, wanyama na viumbe wenye hiari yao, na akishahesabiwa humo hata umbo la jina lake haliwezi kumwondoa: kifaru na kijana wana sura ya KI-VI, lakini husemwa "kifaru amelala" na "kijana amefika". Ndiyo maana waandishi wengi huandika "bakteria hawa", kwa kuwaweka karibu na wadudu, ilhali virusi, neno la kigeni lililoingia likiwa tayari na sura ya wingi, limeachwa katika KI-VI na hata kuzalishiwa umoja wake, "kirusi".

Je, kinesini ina hiari? Protini hii ilitambuliwa mwaka 1985 katika utafiti uliotumia neva nene za ngisi, na tangu hapo mwendo wake umepimwa kwa makini. Hupita juu ya mikrotubuli, yaani vijibomba vyembamba vilivyotandazwa ndani ya seli kama njia, na kila hatua yake ni nanomita 8 (nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja), inayolipiwa kwa molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo fueli ya seli. (Mwanafunzi atashangaa kusikia kwamba sehemu anazoziita miguu, wanasayansi huziita vichwa, kinesini hutembea kwa vichwa vyake viwili, kimoja kikitangulia na kingine kikifuata.) ATP ikiisha, husimama pale pale ilipo. Haichagui pa kwenda, wala haichoki. Hicho ni chombo, na chombo hubaki katika ngeli ya jina lake: I-ZI. Kwa hiyo ni "inatembea", na "ambaye" nayo iwe "ambayo".

Hata hivyo, kitenzi "kutembea" kisiguswe kwa kudhani kwamba ni cha wenye miguu tu. Saa inatembea, gari linatembea, habari hutembea kutoka Kawangware hadi Kayole kabla ya mwenyewe kujua kuwa ametajwa. Kitenzi kinaruhusiwa kuwa na uchangamfu. Kiambishi ndicho kinachoeleza ni nani au ni nini kinachotenda. Mwanafunzi akitunga hadithi ambamo Kinesini ni mhusika anayesema na kulalamikia uzito wa mizigo, hapo "anatembea" itakuwa sahihi kabisa, kama vile katika hadithi zetu Jiwe na Moto hupewa kauli na kuitwa bwana. Makala ya sayansi si hadithi ya namna hiyo.

Kuhusu "protini ya moto", nadhani neno hili limetokana na "motokaa", ambamo "moto" haihusiani na moto wa jikoni. Ikisimama peke yake, msomaji ataelewa protini iliyochemshwa. Napendekeza "protini mota", majina mawili yakifuatana bila kiunganishi, kama "askari kanzu" na "bata mzinga". Wapo wanaopendelea "protini injini", na wana hoja, kwa kuwa protini hizi hutumia ATP kama fueli. Lakini injini ya gari huchoma fueli ipate joto kwanza, kisha joto hilo ndilo lisukume, na protini haipitii njia hiyo. Hugeuza kawi ya kikemia kuwa mwendo moja kwa moja. Fundi wa pampu aliye Kariobangi huita "mota" kile kinachozungusha bila kuchoma kitu, na kwangu neno lake liko karibu zaidi na ukweli. (Nimesema "kawi" kwa kuwa ndilo neno la magazeti yetu ya Kenya, msomaji wa Dar es Salaam aweke "nishati".)

"Nguvu kubwa" ina makosa mawili, moja la msamiati na jingine la sayansi. Katika mazungumzo, "nguvu" hubeba kila kitu: misuli, umeme, mamlaka, hata dawa kali. Katika sayansi, msukumo au mvuto unaopimwa kwa nyutoni huitwa "kani", neno la zamani lililomo pia katika "kushika kani", na ndilo lililozaa "kanieneo". Tena kani ya kinesini si kubwa: ikizuiwa, husimama inapokabiliwa na takriban pikonyutoni 6. Pikonyutoni ni nyutoni moja iliyogawanywa mara trilioni moja, na nyutoni moja yenyewe ni karibu uzito wa chungwa dogo.

Nimebakisha "kwenye kiini", na hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko ile ya kiambishi. "Kwenye" haisemi kama kitu kiko juu, karibu au ndani. Katika seli ya mnyama isiyo katika hali ya kugawanyika, mikrotubuli ziko nje ya kiini, kwa hiyo kinesini haina njia ya kupita humo. Hufanya kazi nje, na kani yake huweza kukifikia kiini kupitia protini zinazopenya utando wake, nesprini katika utando wa nje zikishikana na zile ziitwazo SUN katika utando wa ndani, hata kiini kizima kikavutwa na kusogezwa. Ndani yake wamo, au tuseme zimo, mota nyingine: aina fulani za mayosini, RNA polimerasi inayosoma DNA huku ikiivuta, na kondensini inayokunja DNA kuwa vitanzi. Polimerasi ya bakteria, ambao hawana kiini, imepimwa ikivuta hadi karibu pikonyutoni 25, kuishinda kinesini kwa mbali, ilhali kondensini husimama kabla ya kufikia pikonyutoni 1.

Kiswahili kina kiambishi cha mambo ya ndani, nacho ni M-: "kiinini mna", "humo", "mlimo". Kitumike. Lakini mwanafunzi ajihadhari na wingi, kwa sababu akiandika, kwa mfano, "kani ndani ya viini", anaweza kumpeleka msomaji kwenye viini vya maradhi. "Viini vya seli" ni salama zaidi. Nalo neno "seli" katika jiji hili lina maana ya pili inayojulikana sana na waliowahi kulala kituoni, ingawa katika jarida la sayansi sioni atakayepotoka.

Sentensi basi iwe hivi: "Kinesini ni protini mota inayotembea juu ya mikrotubuli, nje ya kiini cha seli, na huweza kuvuta mzigo kwa kani inayofikia takriban pikonyutoni 6." Kama nia ya mwanafunzi ilikuwa kuzungumzia kiini chenyewe, basi aiache kinesini na kuandika: "Ndani ya kiini cha seli mna protini mota, zikiwemo mayosini na RNA polimerasi, ambazo huvuta na kusukuma kwa kani ndogo mno."