Msaka watoro harudi na maiti: kwa wewe unayeanza D&D

Mhusika wangu wa kwanza katika D&D, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, alidumu kazini kikao kimoja na nusu. Alikuwa msaka watoro, mtu anayelipwa kumfuata aliyeikimbia sheria na kumrudisha. Nilimpa kila kitu: upinde mrefu, joho jeusi, kovu shavuni, maneno machache. Hati ilisema mhasibu wa mfalme aliyekwapua hazina anatakiwa akiwa hai, kwa dhahabu 200. Nikamwona ng'ambo ya mto, nikarusha dadu la pande 20, ikatoka 18, mshale ukampata. Mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kuamua mambo mezani, akapunguza uhai wa mhasibu hadi sifuri. Nikasema basi, nimemzimisha tu, sijamuua. Akaniangalia: "Kwa mshale?"

Kanuni za Dungeons & Dragons toleo la tano, zile za 2014 ambazo meza yetu bado inazitumia, zinakuruhusu kumzimisha mtu badala ya kumuua pale tu anapofikishwa sifuri na shambulio la karibu. Upanga sawa, rungu sawa, hata shoka. Mshale hapana. Dhahabu zangu 200 zikaenda na maji.

Kwa hiyo kabla hujagusa karatasi ya mhusika, jiulize: nikishampata, namrudishaje? Wanaoanza karibu wote humjenga muuaji kisha wakamwita msaka watoro. Muuaji kazi yake inaisha adui anapoanguka. Yako ndiyo kwanza inaanza.

Wengi hukimbilia fani ya renja, mwindaji wa porini, na sina ugomvi nao. Renja akifika ngazi ya pili anapata uchawi unaoitwa Hunter's Mark: unamwekea mtu alama, kila ukimpiga kwa silaha unaongeza dadu la pande sita, na akikuponyoka unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa unapomtafuta kwa macho au kwa nyayo. Kwa saa nzima, ilimradi umakini wako usivunjike. Ni uchawi wa kazi yetu hasa.

Lakini mimi siku hizi naanza ngazi ya kwanza kama rogu, ndipo nageukia renja. Watu hucheka, maana rogu ni fani ya wezi. Sababu ni moja: rogu anapewa ubingwa katika stadi mbili, yaani ile nyongeza ya ujuzi inazidishwa mara mbili. Weka ubingwa mmoja kwenye Athletics, stadi ya mieleka. Chukua binadamu wa kawaida, gawa kwenye sifa zake zile namba za kitabu 15, 14, 13, 12, 10 na 8: weka 15 kwenye nguvu, 14 kwenye busara, 13 kwenye wepesi. Binadamu anaongeza moja kila mahali, nguvu inakuwa 16. Hapo una +3 inayotokana na nguvu hiyo na +4 ya ubingwa, jumla +7 kila unapomkaba mtu. Mkuu wa majambazi aliyemo kwenye kitabu cha viumbe, mwenye uhai 65, ana +4. Ukimshika, mwendo wake ni sifuri. Hakimbii tena, na wenzako wanamfikia. Wepesi usiushushe chini ya 13, la sivyo kanuni hazitakuruhusu kuchanganya fani hizi mbili.

Sasa wavu. Kila mgeni anaununua, kwa dhahabu moja, na kila mgeni anajuta. Katika kanuni za 2014 wavu ni silaha ya kurusha, masafa yake ya kawaida futi 5 na ya mwisho futi 15. Ukimrushia adui aliye umbali wa futi 5, yuko karibu mno, unarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Ukisogea nyuma, umeingia masafa ya mbali, tena dadu mbili na kuchukua ndogo. Sijui nani alikaa akaupanga hivyo. Matoleo mapya ya 2024 yameurekebisha: anayetupiwa ndiye anayerusha dadu kujiokoa. Kama meza yenu inatumia hayo, nunua. Kama ni ya zamani, fedha hiyo weka kwenye pingu.

Pingu ni dhahabu mbili, na mtu anahitaji kufikisha 20 kuchomoa mikono au kuzikata kwa nguvu. Kamba ya kawaida inakatika kwa 17. Tofauti ya tatu inaonekana ndogo mpaka usiku wa pili wa safari. Halafu kumbuka pingu haziingii mkono wa jitu. Kuna kazi za kuzikataa.

Haiba usiitupe kwenye 8. Watoro hawapatikani porini kwa nyayo tu. Wanapatikana kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa mvushaji, kwa yule wanayemdai au anayewadai. Katika kitabu cha Sword Coast Adventurer's Guide cha 2015 kuna historia ya mhusika inayoitwa Urban Bounty Hunter. Inakuachia kuchagua stadi mbili kati ya nne, nami nachukua kusoma mtu na kushawishi. Kujificha waachie wenye joho.

Kisha swali ambalo wengi hulipita: nani anayelipa? Tazama kazi hii ilivyokuwa duniani. Mwishoni mwa karne ya 17 Uingereza iliweka pauni 40 kwa atakayemtia hatiani jambazi wa barabarani, na kufikia miaka ya 1720 Jonathan Wild wa London alikuwa akiwaongoza wezi kwa mkono huu na kuwauza kwa mkono ule, mpaka naye akanyongwa mwaka 1725. Marekani, sheria ya 1850 ya watumwa waliotoroka ilimlipa kamishna dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani, na dola 5 akimwacha huru. Na sisi wenyewe, neno mtoro pwani ya karne ya 19 lilimhusu mtumwa aliyekimbia bwana wake. Sultani Ahmed wa Witu, pwani ya Kenya ya leo, aliyeitwa Simba, aliwapa hifadhi. Mwambie mwendesha mchezo akuandikie hati moja ambayo ukiisoma mara ya pili inakukera. Hapo una mhusika.

La wenzako mezani. Niliwahi kuanza mchezo na hati ya siri ya kumkamata mmoja wa kundi letu. Niliona nimebuni jambo kubwa. Siri ilipofumuka, mwenzangu alikunja karatasi yake akaaga, na wiki iliyofuata tulikuwa watatu. Mambo ya hivyo hukubaliwa kwenye kikao cha kwanza kabisa, kabla dadu halijarushwa, au hayafanywi. Na usikae pembeni ya baa na kofia usoni ukingoja kubembelezwa. Wewe ndiye mwenye kazi na malipo, basi waajiri wenzako. Kuhani atamtibu mfungwa, mchawi ataisoma hati iliyoandikwa kwa lugha ngeni.

Mwendesha mchezo mzuri hataruka safari ya kurudi. Ya mwisho niliyocheza ilikuwa siku sita, na mfungwa mwanamke aliyechoma ghala la bwana wake. Siku mbili za mwanzo hakusema kitu. Siku ya tatu aliomba afunguliwe mkono mmoja ale. Nikarusha dadu kumsoma kama anadanganya, nikapata 4. Wenzangu wote wakanyamaza. Nikatoa ufunguo.

"Mkono upi?" mwendesha mchezo akauliza.