Kabla ya Kukitumia, Kinuse Kwanza

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Tanga. Mumewe yuko Doha kwa mkataba wa kazi, na hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, akijaaliwa. Kabla hajaondoka walikubaliana wao wawili, bila kumshirikisha mtu, kwamba bora mke anunue kifaa cha faragha, yaani kidude cha kujiridhisha mwenyewe kimwili, kuliko kuishi kwa majaribu. Akaagiza kwa simu. Mzigo ukaja umeviringishwa kwenye gazeti, ndani ya mfuko mweusi. "Shikamoo dada," aliniandikia, "kile kidude kinanuka kama kandambili mpya, na tangu nikitumie nawashwa mpaka sikai. Naogopa kwenda hospitali, wataniuliza nimefanya nini." Ameniruhusu niandike haya bila jina lake.

Nilimjibu usiku ule ule. Akiweke pembeni, asikitumie tena, asijipake chochote cha kujitibu mwenyewe, na asubuhi aende kliniki aseme kwamba anawashwa. Akiulizwa zaidi, aseme ukweli apate dawa inayomfaa. Lakini usingizi haukunijia, kwa sababu najua wako wengi kama yeye, wameficha vidude chini ya godoro na maumivu wameyaficha pamoja navyo. Nyinyi mnaonisoma hapa mnataka raha yenu na afya yenu kwa pamoja, sawa na mimi. Kwa hiyo nitasema wazi, kama tunavyosema wanawake tukiwa chumbani peke yetu.

Suala la dini muulize mwanazuoni unayemwamini. Mimi nazungumzia mwili.

Niliolewa Mombasa, binti mdogo. Somo yangu alinifunda kwa moyo wake wote: singo, udi, asumini, kutandika kitanda, kumpokea mume akitoka safari. Nampenda mpaka leo. Ila kila alichonifundisha kilikuwa cha kumfurahisha mwanamume. La kufanya mwili wangu ukikataa, halikuwemo. Na mwili wangu ulikataa. Tangu usiku wa kwanza nilihisi maumivu ya kuchanwa, misuli ya chini inajikaza yenyewe bila amri yangu, na kadiri nilivyoogopa ndivyo ilivyozidi kufunga. Mume niliyekuwa naye akaenda kusema kwenye nyumba za watu kwamba ameoa barafu. Neno lile lilinifuata harusini na misibani. Lilinifuata hata baada ya talaka, na bado linaniuma, sitawaficha.

Nilikwenda kliniki moja. Muuguzi alicheka, akamwita mwenzake aje asikie. Akaniambia nizae tu, itaisha. Jirani mmoja akaniletea shabu nijioshee, dawa ya kubana, kwa mwanamke ambaye shida yake yote ilikuwa kubana. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja.

Miaka ya katikati naipita. Nilihamia Nairobi, nikapata kazi, na huko nikakutana na mtaalamu wa fiziotherapia anayetibu misuli ya sakafu ya nyonga. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuupa ugonjwa wangu jina: vajinismasi. Alinieleza kwamba ni misuli inayojikaza kwa woga, inatibika, na haina uhusiano wowote na ubaridi wala laana. Akafungua droo akatoa seti ya vipanuzi vya silikoni, vijiti laini vya kuuzoesha uke kidogo kidogo, vimepangwa kwa unene. Cha kwanza kilikuwa chembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Alikiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake. "Kishike kwanza," akasema, "kipate joto lako."

Kisha akanifundisha kupumua. Vuta hewa mpaka tumbo lijae, itoe taratibu kwa mdomo, na wakati inatoka uilegeze misuli ya chini kama unayetaka kukojoa. Ndipo usogeze kipanuzi ndani kidogo. Ukihisi kuchoma, simama hapo hapo, usisukume, pumua tena. Ikizidi, toa, pumzika, kesho ipo. Nilifanya hivyo nyumbani, mlango nimeutia komeo na simu nimeizima. Siku kipanuzi cha kwanza kilipoingia bila maumivu, nilikaa kitandani nikalia kwa furaha, nikataka kumpigia simu kila aliyewahi kuniita barafu.

Leo nimeolewa tena, na mume wangu anajua kila kilichomo kwenye kabati langu. Vile vipanuzi vilinifungulia mlango wa kujijua, na vidude vingine vikafuata, hata vya mtetemo. Wanawake wananiandikia kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Muscat. Nasema hili kwa fahari: yule waliyemcheka ndiye anayeulizwa sasa.

Turudi kwenye kidude. Kabla hakijagusa mwili wako, kinuse. Silikoni nzuri hainuki. Glasi ngumu hainuki, chuma cha pua hakinuki. Kinachonuka sana ni zile plastiki laini za bei ya chini, jeli na PVC, ambazo mara nyingi hulainishwa kwa kemikali za jamii ya thaleti. Tena zina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vimelea vinajificha humo na hata usugue vipi havitoki vyote. Rafiki yangu aliwahi kuniletea kimoja nikiangalie. Nilikiacha usiku kucha juu ya karatasi nyeupe mezani. Asubuhi karatasi ina duara la mafuta, kidude kinanata vidoleni na vumbi limekiganda. Nilimwambia akitupe, na alikitupa, ingawa kilimgharimu. Pitisha pia ukucha kwenye mshono, pale nusu mbili za kidude zilipounganishwa. Ukikwaruza ukucha, utakwaruza na ngozi ya ndani, ambayo ni laini mno kuliko ukucha.

Muuzaji akikwambia "ni silikoni, dada," usitosheke, soma boksi. Likiwa limeandikwa TPE au TPR, hiyo ni plastiki laini kama mpira, si silikoni, na ina vitundu. Kama ndicho unachoweza kumudu, kivishe kondomu mpya kila mara.

Na hapa nina uchungu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku baadhi ya thaleti kwenye midoli ya watoto mwaka 2005, na ulifanya vyema. Lakini kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa hivi vyetu, ISO 3533, kilitoka mwaka 2021. Miaka yote hiyo mwanamke aliachwa aingize mwilini chochote alichouziwa, kwa sababu watu wazima waliona haya kulijadili.

La pili ni kilainishi. Wanawake wengi hudhani kuhitaji kilainishi ni dalili kwamba hawana hamu. Si kweli. Ukavu unakuja ukinyonyesha, unakuja ukikoma hedhi, unakuja na baadhi ya dawa, unakuja na uchovu tu. Tumia kilainishi cha maji, kisicho na manukato wala ladha wala kile kinachojidai kuleta joto. Kikikauka, ongeza kingine au tia matone ya maji. Vilainishi vya silikoni vinadumu zaidi lakini vinaweza kuharibu kidude cha silikoni, uso wake ukaanza kunata. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni yanadhoofisha kondomu za mpira wa lateksi, zinapasuka bila wewe kujua. Kwa hiyo ukiwa na shaka, kilainishi cha maji. Narudia: cha maji. Na ukiona krimu ya kutia ganzi, iache dukani. Maumivu ndiyo yanayokwambia usimame, ukiyazima utajuaje kwamba umeumia?

Kwa raha yenyewe, anza nje. Mwaka 1998 Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa Australia, alichapisha uchunguzi uliouonyesha ulimwengu kwamba sehemu kubwa ya kinembe imo ndani, inazunguka pande za uke. Kile kinachoonekana nje ni ncha tu. Ndiyo maana wanawake wengi hawahitaji kuingiza kitu kabisa. Kidude cha mtetemo kiweke mtetemo wa chini kabisa, juu ya nguo ya ndani ukitaka, usogee pembeni ya kinembe badala ya kukigandamiza moja kwa moja. Ukihisi ganzi baada ya muda, pumzika, hisia zinarudi. Nimeulizwa sana kama mtetemo unaua hisia za kudumu na kama mume hatatosha tena. Ganzi hiyo ni ya muda. Na mume anayesikiliza hashindani na betri. Mwanzoni usinunue kikubwa, hata kama picha inakuvutia. Nunua kidogo, upumue kama nilivyoeleza, uwe na subira na mwili wako.

Usafi ndipo wengi wanapoharibikiwa, na chanzo ni aibu. Mtu anamaliza, anasikia mlango unagongwa, anakitupa kwenye mfuko wa nailoni kikiwa kibichi, anakisukuma chini ya godoro. Wiki ijayo anakitoa na kukitumia hivyo hivyo. Kioshe kabla na baada, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ukipitisha kidole kwenye kila mfereji. Cha silikoni, glasi au chuma kisicho na mota wala betri unaweza kukichemsha dakika 3 hadi 5 kwenye sufuria yake peke yake. Cha betri usikichemshe. Na kama hakijaandikwa kwamba kinazama majini, kwa mfano alama ya IPX7, kifute kwa kitambaa chenye sabuni na usikitie kwenye beseni. Usikitumie kikiwa kwenye chaji. Kikauke kabisa, kisha kiweke kwenye mfuko wa pamba. Siri unaweza kuitunza kwenye kabati lenye kufuli bila kuifunika na unyevunyevu.

Lakini usafi huo ni wa kidude. Ndani ya uke kusioshwe. Uke una bakteria wake wema wanaouweka kwenye hali ya asidi, pH (kipimo cha asidi) ya kama 3.8 hadi 4.5, na asidi hiyo ndiyo ulinzi. Sabuni, ndimu, siki, shabu, dawa za kuua viini, hata moshi wa udi tunaojifukiza kwa kuchutama, vyote vinaweza kuukera na kuukausha, ukafungulia mlango fangasi na maambukizo mengine. Osha nje kwa maji, inatosha.

Kidude hakiazimwi. Klamidia, trikomona na virusi vya HPV vinaweza kuhama kutoka kwa mtu hadi mtu kupitia kidude ambacho hakijaoshwa. Mkitumia wawili, badilisha kondomu kabla hakijahama. Kilichogusa njia ya nyuma kisirudi mbele mpaka kioshwe au kibadilishwe kondomu. Wanaotumia njia hiyo, na najua mpo ingawa mimi siishauri, kidude lazima kiwe na kitako kipana, kwa sababu kule hakuna kizuizi na kitu kinaweza kupanda juu mpaka kikatolewa kwa upasuaji. Na tafadhali, chupa, mshumaa, mpini wa mswaki, tango na ndizi si vifaa vya faragha. Vinavunjika, vinakwaruza, vinaacha vipande ndani.

Nawageukia masomo na makungwi, nyinyi mnaowafunda mabinti wa pwani nzima, kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Mna heshima ambayo daktari hana. Mwari anakusikilizeni kuliko anavyomsikiliza mama yake. Mwambieni basi kwamba maumivu si sehemu ya ndoa, kwamba misuli yake ikijikaza kuna tiba, kwamba uke haukaushwi ili mwanamume asifu. Na nyinyi wauguzi mnaocheka, mwanamke aliyekusanya ujasiri wa kuvuka mlango wenu huenda asirudi tena maishani. Mwulizeni anaumwa wapi, mengine myaache.

Aliyetoka kujifungua asiingize chochote mpaka akaguliwe, kwa kawaida baada ya wiki 6, na aliyeshonwa au kufanyiwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari wake. Mjamzito aliyekatazwa tendo la ndoa, katazo hilo linahusu na vidude pia. Ukiona damu isiyo ya hedhi, uchafu wenye harufu au rangi usiyoizoea, homa, au maumivu ya tumbo la chini, usingoje yapite yenyewe. Na kitu kikikwama, usipaniki. Uke una mwisho, kuna mlango wa kizazi, hakiwezi kupotelea tumboni. Nawa mikono, chutama, pumua, sukuma kama unayekwenda haja, ujaribu kukishika kwa vidole. Usitumie kijiko wala koleo. Kisipotoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika mapokezi omba tu kumwona daktari faraghani. Ni haki yako na huna haja ya kumweleza karani.