Maswali na Majibu: Spea na Vifaa vya Dharura kwa Safari za Mbali na Lami

Kiangazi kinapokaribia, barua nyingi zinazonifikia huuliza jambo moja: abebe nini mtu anayepeleka gari mahali ambapo fundi wa karibu yuko mwendo wa siku nzima? Nimechagua chache. Baadhi nimezijibu kwa kirefu kwa kuwa zinastahili, na nyingine zimetosheka kwa sentensi mbili tatu.

Shikamoo fundi. Mwezi ujao tuko wanne, tunatoka Arusha kwenda Engaresero kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, kisha tutapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Wasso. Gari letu ni Land Cruiser la mwaka 1998 lenye injini ya 1HZ. Makenika wetu ametuandikia orodha ya spea arobaini. Je, zote ni za lazima? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Hapana, si za lazima zote. Kabla ya kununua chochote, ipitisheni orodha hiyo katika maswali mawili: kitu hiki kikiharibika, gari litasimama? Na je, yupo kati yetu anayeweza kukibadilisha kando ya njia kwa spana tulizo nazo? Kisichopata "ndiyo" mara mbili kibaki nyumbani. Pampu ya dizeli, kwa mfano, ikifa gari litasimama kweli, lakini kuifunga na kuiseti ni kazi ya gereji, hivyo kuibeba ni kubeba chuma cha bure. Tena uzito wenyewe ni adui, kwa sababu kinachovunjika mara nyingi zaidi katika njia ile ni springi, na springi huvunjwa na mzigo.

Vinavyobaki baada ya maswali hayo si vingi. Bebeni mikanda ya feni, mpira wa juu na wa chini wa rejeta pamoja na klipu zake, filta mbili za dizeli, filta moja ya hewa, boliti ya katikati ya springi, seti moja ya yu-boliti, nati na stadi chache za gurudumu, bering na sili za gurudumu la mbele, fyuzi za kila ukubwa, lita tano za oili ya injini, chupa ya maji ya breki na kopo dogo la grisi. Filta ya hewa naitaja kwa msisitizo: vumbi la kuzunguka mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ni laini kama unga, na gari linalofuata nyuma ya lingine hulivuta lote. Acheni nafasi kubwa kati ya gari na gari, na kila jioni itoeni filta muikung'ute.

Mkanda wa taiming hauwekwi kwenye kisanduku cha spea. Kama hamjui ulibadilishwa lini, au kama umekaribia kilomita 100,000, ubadilishwe mjini kabla ya safari.

Jambo jingine nililijifunza kwa aibu. Miaka mingi iliyopita nilinunua mkanda mpya wa feni katika duka moja la mjini, nikautia chini ya kiti ukiwa bado ndani ya karatasi yake, nikaondoka nikiwa na amani moyoni. Mbele kidogo ya Engaruka mkanda wa zamani ulikatika. Nikautoa ule mpya, nikalegeza altaneta hadi mwisho wa nafasi yake, na bado mkanda ulipungua upana wa vidole viwili kufika kwenye puli. Ulikuwa wa injini nyingine. Tulilala hapo, na asubuhi lori la mahindi lilitupatia mkanda kuukuu uliotufikisha. Tangu siku hiyo spea mpya naifunga kwenye gari wiki mbili kabla ya safari, na ile niliyoitoa, maadamu bado ni nzima, ndiyo naibeba kuwa akiba. Kwa njia hiyo nina hakika kwamba mpya inaingia, ya zamani nayo najua inaingia, na mikono yangu imeshaifanya kazi hiyo mara moja nikiwa kivulini.

Mwisho, tengeni mfuko mmoja wa vitu visivyo na namba ya spea: waya laini wa kufungia, gundi ya chuma ya kuchanganya, vipande virefu vya tyubu kuukuu na mche mmoja wa sabuni ya kufulia. Tyubu iliyokatwa mikanda hufunga mpira wa rejeta uliopasuka, na pia hubana jani la springi lililovunjika. Sabuni ikikandwa kwa vidole na kushindiliwa kwenye ufa wa tangi la mafuta huzuia mvujo, kwa kuwa dizeli na petroli haziiyeyushi kama maji yanavyofanya. Nimeona ikidumu kutwa nzima.

Tunataka kwenda Loiyangalani kwa gari moja. Tairi moja la akiba halitoshi? (Msomaji, Eldoret)

Halitoshi. Ile barabara ya kutoka Laisamis, yenye kilomita zipatazo 208, ilikarabatiwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, na wengi hudhani kwamba safari imekuwa nyepesi. Ukiiacha tu ukaanza kuzunguka pembeni ya Ziwa Turkana, utakutana na mawe meusi ya volkano ambayo hayatoboi tairi bali huchana ubavu wake, na ubavu uliochanika hauzibwi kwa kiraka cha uzi. Kwa hiyo matairi mawili ya akiba, tena yenye umri usiozidi yale yanayotembea, na juu yake tyubu mbili za saizi yako. Tyubu, pamoja na kipande cha tairi kuukuu kilichowekwa ndani kuziba mchano, inaweza kukurudisha barabarani kwa mwendo wa polepole hata kama matairi yote mawili yamekwisha.

Bebeni pia pampu ya umeme ya kuunganisha kwenye betri na kipima presha. Kwenye mchanga mnaweza kushusha presha hadi psi 18 au 20, lakini kwenye mawe irudisheni juu, maana tairi laini hutoa ubavu nje na kuuweka mbele ya jiwe. Jeki iwe ya chupa, na chini yake muwe na ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, kwani jeki isiyo na ubao kwenye mchanga huzama yenyewe huku gari likiwa palepale.

Nati za magurudumu hulegea kwenye changarawe iliyojikunja kama bati. Chora mstari mmoja kwa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Kila mnaposimama, tazama: mstari uliokatika ni nati iliyozunguka. Papo hapo sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, na kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, bering yake inaomba kufunguliwa leo, si kesho.

Prado langu la dizeli ni la kisasa, lenye kompyuta na nozeli za umeme. Nibebe spea zipi za injini? (Msomaji, Dodoma)

Chache kuliko unavyodhani. Injini za aina hiyo husukuma dizeli kwa presha inayozidi bar 1,000, kwa hiyo usithubutu kulegeza bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma, kama tulivyozoea kufanya kwenye magari ya zamani. Mchirizi wake hupenya ngozi. Kinachoziua ni maji na uchafu ndani ya mafuta. Beba filta tatu za dizeli, spana ya kuzifungulia, na faneli yenye chujio kwa ajili ya mafuta yanayouzwa kwenye madumu. Jifunze mahali kilipo kifundo cha kumwaga maji chini ya filta, na pampu ya mkono ya kutoa hewa baada ya kuibadilisha: unaibonyeza mpaka inakuwa ngumu, ndipo unapiga stata.

Nunua pia kile kifaa kidogo cha kusoma hitilafu kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha kwenye simu. Gari linapojipunguzia nguvu ghafla, kifaa hicho hukuambia kama ni sensa tu inayolalamika, na katika hali hiyo unaweza kutembea taratibu hadi mjini, au ni jambo la kukufanya usimame.

Rafiki yangu anasema tukikwama nifunge kamba kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Je, ni sahihi? (Msomaji, Mbeya)

Si sahihi, na nakuomba umwonyeshe rafiki yako jibu hili. Mpira ule umetengenezwa kuvuta trela inayosogea, si kung'oa tani tatu zilizozama kwenye tope. Ukikatika huku kamba imekaza, huruka kama risasi na kupita kwenye kioo cha gari, na watu wamekufa kwa njia hiyo, hasa Australia ambako mchezo wa magari ya porini umeenea. Tafuta ndoano au jicho la kuvutia lililofungwa kwa boliti kwenye chesesi yenyewe, na utumie pingu za chuma za kuungia kamba (shackle), zilizoandikwa uzito zinaoweza kuuhimili; kwa gari la ukubwa wa Land Cruiser, za tani 4.75 ndizo zinazotumika kwa kawaida. Weka blanketi au gunia lenye udongo katikati ya kamba, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba, kamwe si kwenye mstari wake.

Hata hivyo, koleo huja kwanza. Nusu saa ya kuchimba mbele ya magurudumu manne na chini ya difu hupunguza nguvu inayohitajika kiasi kwamba mara nyingi gari hutoka lenyewe.

Je, minyororo ya matairi itanisaidia kwenye udongo mweusi wa Katavi mvua ikinyesha? (Msomaji, Mpanda)

Bebeni chai na sukari ya kutosha, mngoje jua. Udongo ule ukilowa hujaza nafasi iliyo kati ya magurudumu na bodi hadi yanaacha kuzunguka, na kila jaribio huongeza kina cha shimo. Kwa kuwa mtakuwa mmesimama, neti na nguo za mikono mirefu zisiwe chini ya mizigo, kwani mbung'o wa huko hawana huruma.

Tubebe maji na mafuta kiasi gani? (Msomaji, Arusha)

Maji ya kunywa na kupikia: lita tano kwa kila mtu kwa siku, na siku mbili zaidi ya mlizopanga. Yasikae kwenye dumu moja, kwa sababu dumu moja likipasuka mmepoteza yote. Mafuta: chukulia kilomita 6 kwa lita kwenye njia mbovu, hata kama kwenye lami gari linakupa zaidi. Kilomita 400 zitataka lita 67 hivi, na mimi ningebeba 90. Jerikeni la chuma la lita 20 likiwa na dizeli lina uzito unaozidi kilo 20. Yakiwa manne juu ya keria gari huyumba kwenye kona, kwa hiyo yawekwe chini na nyuma. Petroli haipandi ndani ya gari pamoja na watu.

Mtu akiumwa na nyoka tukiwa mbali na hospitali, tuwe na dawa gani? (Msomaji, Isiolo)

Dawa ya sumu ya nyoka si kitu cha kubeba kwenye gari, kwani hutolewa na wataalamu penye uangalizi wa hospitali. Mnachohitaji ni bendeji pana, vibao viwili vya kufungia kiungo kama kilichovunjika, na utulivu. Mlazeni mgonjwa, mvueni pete na bangili kabla ya uvimbe, kiungo kisitikisike, kisha endesheni. Msichanje, msinyonye jeraha, msifunge kamba ya kubana, wala msipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Swila akitema sumu machoni, osheni kwa maji mengi safi, na hii ni sababu nyingine ya kubeba maji ya ziada. Kwenye sanduku hilohilo tieni pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini (pakiti moja kwa lita moja), dawa za maumivu, glavu, na vitambaa vingi vya kukandamizia jeraha linalovuja damu.

Andikeni kwenye karatasi viwanja vidogo vya ndege vilivyo karibu na njia yenu. Amref Flying Doctors, waliotoka mbali tangu mwaka 1957 na ambao makao yao ni uwanja wa Wilson, Nairobi, huweza kumchukua mgonjwa kwa ndege kwa walio na uanachama au bima inayokubalika, lakini rubani atauliza kwanza atue wapi. Mahali pasipo na mtandao, ujumbe huo utafika kwa kifaa cha setilaiti tu. Kabla ya kukinunua, ulizeni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) au, kwa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano ya huko kuhusu kibali.

Mume wangu ndiye dereva na ndiye anayejua kila kitu. Je, kuna haja ya mimi kujifunza mambo haya? (Msomaji, Tanga)

Ipo, dada yangu, maana anayeweza kuumia ni yeye. Jumamosi moja mwambie akae kwenye kiti, asiguse kitu, nawe utoe jeki, ubadilishe tairi moja, na ubonyeze pampu ya mkono ya dizeli hadi iwe ngumu. Kila kifaa ukirudishe mwenyewe mahali pake, ili hata gizani mkono wako ukipate bila kupekua. Kisha mdai funguo wa pili wa gari. Yapo magari yanayojifunga milango yakiwa yanaunguruma, wote wakiwa wameshuka kupiga picha, na funguo wa akiba ukiwa ndani ya mkoba ulio kwenye kiti cha nyuma. Wako uutie uzi, uuvae shingoni.