Nambari Ilikuwa Lamu, Mimi Naitafuta Malindi

Juma lililopita nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Langoni, Lamu. Hakuwa na maneno mengi. Aliandika: "Dada, nataka karatasi ya talaka yangu ya 2016. Nimekwenda mahakamani, nimeambiwa nirudi na nambari ya kesi. Hiyo nambari naipata wapi?"

Nilikuwa jikoni. Niliepua sufuria nikakaa chini, kwa sababu swali hilo hilo ndilo nililotembea nalo miezi mingi mwaka wa 2023, na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilimjibu mistari miwili siku ile. Leo nataka kumjibu sawasawa, yeye na kila mwanamke anayesoma hapa na ambaye ndani ya moyo wake anajua kuna faili mahali fulani lenye jina lake.

Babangu alifariki 1988, nikiwa na miaka sita. Alikuwa mtu wa Lamu aliyehamia Malindi kufanya useremala, na akajaliwa kujenga nyumba mtaa wa Shela, vyumba sita na kisima. Mamangu alikuwa ameshaachwa tangu 1986, tukiishi kwa nyanya, Barani. Baada ya maziko, mambo yote yakashikwa na ami yangu aliyekuwa akikaa Lamu. Mimi nilikua nikiambiwa neno moja tu: "Babako hakuacha kitu. Ile nyumba ni ya ukoo."

Ningeaminije vingine? Nilikuwa mtoto. Nikienda shule nilipita mbele ya nyumba ile kila siku, nikiona wapangaji wakianika nguo uani kwa baba. Kidato cha pili nilitolewa shule kwa karo. Siku hiyo pia nilipita njia hiyo hiyo kurudi nyumbani, na sanduku langu kichwani. Sijasahau, wala sijifanyi nimesahau.

Ami alifariki 2022. Kwenye hitma yake, kisomo cha kumwombea, tukiwa na akina mama nyuma ya nyumba, shangazi yangu aliyekuwa amekaa kimya muda wote alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini: "Wewe una fungu lako, mwanangu. Kadhi aliliandika. Mimi nilikuwepo." Hakusema zaidi, na mwaka haukuisha naye akaenda zake. Mungu amrehemu. Kwa miaka thelathini na minne hakuna aliyeniambia, akaniambia yeye.

Januari 2023 nikaanza. Nilikwenda mahakama ya Malindi, kwa sababu nyumba iko Malindi, baba alifia Malindi, na mimi niko Malindi. Kwa Muislamu, mambo ya ndoa, talaka na mirathi husikizwa na kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imesema hivyo wazi, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Wengine wanaweza kufungua mirathi kwa hakimu au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua familia yako ilikwenda mlango upi. Mimi nilijua: kwa kadhi.

Karani alinipokea vizuri. Aliniuliza mambo matatu: nambari, mwaka, majina ya wahusika. Nambari sina. Mwaka nikakisia. Hata hivyo alinifungulia rejista ya 1988, tukashuka mstari kwa mstari. Hakuna. Ya 1989. Hakuna. Akanishauri nirudi na habari zaidi, na nikarudi mara nne bila habari yoyote zaidi, kwa matumaini tu. Mara ya nne, njiani, kijana mmoja akajitambulisha kwangu kuwa ana watu wake ndani na atalileta faili kwa shilingi 3,000. Nilimpa. Simu yake haijashika hadi leo. Zilikuwa pesa za maandazi ya wiki mbili.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia. Niliuza maandazi, nikanuna.

Kisha usiku mmoja nikamuuliza mamangu upya. Nilikuwa nimemuuliza zamani, lakini vibaya, kama askari. Safari hii sikumuuliza habari ya kesi. Nilimuuliza: mama, baada ya baba kufa ulisafiri kwenda wapi na mimi? Akasema bila kufikiri, "Lamu. Hukumbuki? Ulitapika kwenye boti, nikakufuta kwa mtandio wangu mpya. Tuliitwa na samansi."

Lamu! Kesi ilifunguliwa Lamu, kwa sababu ami alikuwa akikaa Lamu. Mimi nilikuwa nikipekua rejista za Malindi nusu mwaka.

Hili ndilo kosa ninaloliona kwa wengi wanaoniandikia. Tunadhani kesi iko tunapoishi sisi, au alipofia marehemu. Mara nyingi iko karibu na yule aliyekwenda kuifungua. Kwa hiyo usianze na "baba alikaa wapi", anza na "nani alikuwa na haraka ya kufungua, na yeye alikaa wapi." Na waulize wazee habari za safari, za nguo, za chakula. Mtu husahau nambari, hasahau mtandio mpya uliochafuka.

Nilipanda basi alfajiri. Garsen, Witu, kuonyesha vitambulisho kwenye vizuizi, mpaka Mokowe, kisha boti. Mahakamani nikataja mwaka wa 1989 na jina la baba kama lilivyo kwenye cheti cha kifo. Halikupatikana. Moyo ulianguka. Ndipo nikakumbuka kuwa kule kwao baba hakuitwa jina la cheti, aliitwa kwa jina la babu yake. Tena majina yetu haya kila karani huandika anavyosikia: Athumani, Athman, Othman, Uthman, na yote ni mtu mmoja. Tukarudi mwanzo. Karani akafika ukurasa mmoja, akasimama, akanisukumia kitabu na kidole chake kikiwa juu ya mstari.

Nilikuwa nimeipata nambari. Niliinakili kiganjani kwanza, kisha kwenye daftari, kisha nikaipiga picha kwa simu baada ya kuomba ruhusa.

Hapo kazi ikawa nyepesi. Niliandika barua ya ukurasa mmoja ya kuomba kulisoma faili: mimi ni nani, marehemu ni nani kwangu, nambari ya kesi, na sababu ya kuomba. Nikaambatanisha nakala ya kitambulisho, cheti changu cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba. Nikalipa ada kwa njia rasmi, nikapewa risiti. Kesho yake faili likaletwa.

Sijui nieleze vipi. Karatasi zilikuwa na rangi ya chai. Mwandiko wa kadhi ulikuwa mdogo, umelala upande mmoja. Kulikuwa na orodha ya warithi: mjane, ambaye ni mama yangu wa kambo, wana wawili wa kiume, mabinti wawili. Binti wa pili nilikuwa mimi. Jina langu, "umri miaka 7." Mjane thumuni yake, yaani sehemu 6 kati ya 48. Kila mwana wa kiume 14. Kila binti 7. Saba kati ya arubaini na nane. Kadhi yule hakunisahau. Alinihesabu.

Nikafunua karatasi ya mwisho. Ilikuwa ya ami, ameweka sahihi kuwa amepokea fungu langu, kulishika "kwa niaba ya mtoto."

Nilitoka nikakaa ufukweni mpaka adhuhuri. Kilichoniuma zaidi ya nyumba ni ule uongo wa "babako hakuacha kitu", maana nilimchukia babangu kwa neno lile. Nilikuwa nikimwombea dua kwa midomo tu.

Sasa nisikilizeni. Suratun Nisaa, aya ya 7, imesema wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi. Aya ya 10 imesema wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Wanaume wetu wanazisoma aya hizi kila Ramadhani kwa sauti nzuri. Kaka, baba mdogo, ami, kama una faili la mirathi kabatini na kuna mtoto wa marehemu hajui nambari yake, mpe. Mpe leo, kabla hajaambiwa kwenye hitma yako.

Na akina dada, acheni kuona haya. Tunaogopa kuambiwa tunafukua makaburi, tunaogopa kuonekana na jirani tukiingia mahakamani. Mficha uchi hazai. Mwambie karani shida yako ilivyo, hata kama ni aibu. Ameshasikia kubwa zaidi. Ukienda na maneno ya kuzungukazunguka atatafuta kitu kingine. Haki ya kupata habari iko katika Ibara ya 35 ya Katiba, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Kwa hiyo andika barua, weka tarehe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Neno la mdomo halina tarehe.

Msidanganyike pia na habari ya mtandao. Ni kweli kesi sasa zinafunguliwa kwa mtandao. Mfumo huo ulianza Nairobi Julai 2020 na kufika mahakama zote nchini 2024. Lakini kesi ya 1989 usitegemee kuikuta humo. Iko kwenye kitabu, na kitabu kinataka miguu yako. Hukumu nyingi za mahakama za juu zinasomeka bure katika tovuti ya Kenya Law, ila penye watoto majina hufichwa, hubaki herufi za kwanza tu, na faili za watoto hazifunguliwi kwa kila mtu. Maombi ya mirathi ya Mahakama Kuu na ya mahakimu hutangazwa katika Gazeti la Serikali pamoja na nambari yake, basi huko nako ni pa kutazama. Na msingoje. Iko sheria, Sura ya 14 ya Sheria za Kenya, inayoruhusu kuharibu baadhi ya kumbukumbu kuukuu za mahakama. Mimi nilichelewa miaka thelathini na minne na faili nikalikuta. Usiifanye bahati yangu kuwa mpango wako.

Nakala iliyothibitishwa ilichukua wiki kadhaa, maana mwandiko wa mkono ulibidi upigwe chapa kwanza. Hulipiwa kwa ukurasa. Ukiiomba, omba hukumu na amri, na mwenendo wa kesi pia ukiweza, kwa sababu ile karatasi ya ami haikuwa ndani ya hukumu.

Nilirudi nayo Malindi, nikaomba kikao. Sikwenda na wakili. Nilikwenda na mamangu, imamu wa mtaa na karatasi zangu. Hukumu ilikuwa imenipa haki tangu 1989. Aliyeninyima ni mtu, si kadhi. Kaka yangu mkubwa wa baba mmoja aliisoma mara mbili, akalia. Hakuwa akijua, na nilimwamini. Tangu Januari 2024 napata fungu langu la kodi kila mwezi, saba kati ya arubaini na nane. Si pesa nyingi. Zinalipa karo ya binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili. Kaka wa pili hajaniamkua tangu siku ile, na nikipita barazani hunyamaza. Inaniuma, lakini karatasi siirudishi.

Dada wa Langoni, sasa lako. Talaka yako inaweza kuwa haina nambari ya kesi kabisa, kwa sababu talaka na kesi ni vitu viwili. Kama hamkushitakiana, tafuta kwenye rejista ya talaka, si ya kesi. Talaka za Waislamu pwani hii zimekuwa zikisajiliwa tangu sheria ya 1906, na yako ya 2016 iko chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ambayo inamtaka kadhi au imamu aliyeidhinishwa kupeleka nakala ya amri ya kuvunja ndoa kwa Msajili wa Ndoa. Kwa hiyo una milango miwili ya kubisha. Ukifika, taja jina la mume kwanza, kisha lako, kisha tarehe uliyoanza eda, yaani muda wa kungoja baada ya kuachwa. Omba rejista ya 2016 na ya 2017 pia, maana wengi husajili wakiwa wamechelewa. Kama alikutamkia tu nyumbani na hakuna aliyekwenda kuandikisha, basi hakuna karatasi ya kutafutwa. Fungua ombi kwa kadhi aithibitishe talaka hiyo, na uende na mashahidi waliosikia. Ukipata mstari wenye jina lako, uandike mahali pawili kabla hujatoka mlangoni, kisha nipigie, hata kama ni usiku.