Mkono wa mama mboga

Swali lenu la wiki hii: ukianza kutilia shaka kipaji chako, unafanya nini? Mimi huenda kununua sukuma.

Nachora picha za vitabu vya watoto hapa Umoja, Nairobi. Shaka hunijia usiku, kazi ikiwa karibu kwisha: hujui kuchora, wamekuvumilia tu. Nikifungua simu nione kazi za wenzangu, natia chumvi kwenye kidonda. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana na bado wakajiona laghai watakaoumbuka siku moja. Kusoma hayo kulinifariji kama wiki moja hivi. Shida ni kwamba shaka langu mara nyingine husema kweli.

Kuna kitabu nilichora mama mboga akikata sukuma. Mhariri akasema iko sawa. Mimi tumbo likakataa. Siku tatu nabadilisha rangi ya leso, nafuta uso, narudia, hadi nikawaza niachane na kalamu nikamsaidie dada dukani.

Jioni ya tatu nikaenda kibandani, sukuma ya shilingi ishirini. Mama akapanga majani, akayakunja yakawa mviringo mnene, akayabana kwa mkono wa kushoto. Hana ubao. Kisu kinakuja upande wa kidole gumba chake, kinasimama pale pale kabla ya ngozi, na nyuzi za kijani zinaanguka kwenye beseni. Macho yako kwa mteja mwingine, wanabishania deni la juzi.

Mama wangu wa kitabuni alikuwa na ubao, kisu kikishuka kutoka juu kama cha wapishi wa televisheni. Nimelelewa kwa sukuma, halafu nikachora mkono wa kuazima! Nikarudi nyumbani nikamchora upya usiku huo huo.

Siku hizi shaka likija naliuliza, wapi hasa? Likisema kila mahali, nazima taa nalala. Likisema kiwiko, naamka. (Na kuna lile ambalo si shaka, ni njaa. Mteja mmoja alikalia pesa zangu miezi mitano, na miezi hiyo kila mstari niliochora uliniudhi. M-Pesa ilipoingia, mistari ile ile ikanyooka.)

Kitabu kilipotoka nikampelekea mama mboga nakala. Akapangusa mikono kwenye aproni, akaitazama picha kwa muda.

"Kisu umepatia," akasema. "Lakini huyu mbona hana wateja?"