Silabi na matamshi ya neno "schistosomiasis"

Ndugu, umeuliza namna ya kugawa na kutamka neno "schistosomiasis" ulilolikuta kwenye cheti cha maabara hapo Mwanza. Ndio ugonjwa ambao sisi wa kandokando ya ziwa, hadi Ukerewe, tunauita kichocho. Neno hilo lina silabi sita: schis-to-so-mi-a-sis. Hutamkwa takriban shis-to-so-MAI-a-sis, na mkazo mkuu huangukia silabi ya nne, ambayo ijapokuwa imeandikwa "mi" husikika kama mwanzo wa neno "maiti" ukitamkwa kwa pumzi moja (mfano usio wa heri, lakini ndio ulio karibu). Wengi wetu hukosea hapo hasa, kwa kuwa Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo tunakaza "a", ambayo kwa Waingereza ni hafifu mno. Ile "o" ya kwanza nayo hufifia.

Ukitaka kulikariri, lirudishe kwenye Kigiriki: "schistos" ni kilichopasuliwa na "soma" ni mwili, kwa sababu kati ya minyoo iletayo kichocho, dume ana mfereji mwilini ambamo jike hukaa.